Kiambatisho hakifunguki: anza na herufi zake za kwanza

Mtu anayekuja na kiambatisho kisichofunguka huja na sentensi ileile: "Kaka, hili faili ni bovu." Nimekaa nyuma ya kaunta ya steshenari miaka ya kutosha kujua kwamba mara nyingi faili ni zima kabisa. Limefungashwa kwa namna inayoeleweka na programu moja tu, ya kampuni moja, na aliyelituma hana habari, maana kwake linafunguka. Ndiyo maana ukimpigia atakujibu, "Mbona wenzako wamefungua?" Wala hadanganyi. Hao wenzako wana programu kama yake.

Hapa chini nimefuata kile unachokiona kwenye skrini, kwa sababu jina la faili ndilo linaloanza kudanganya.

Kabla ya yote: hili ni faili la aina gani hasa?

Windows huficha mkia wa jina, yaani zile herufi baada ya nukta ya mwisho. Ukiona "Fomu ya maombi" peke yake, huwezi kujua kama ni .docx, .pages au .exe. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bonyeza "View", halafu "Show", uweke tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 tiki hiyo iko ndani ya "View" palepale.

Mkia wenyewe nao si ushahidi wa mwisho, maana yeyote anaweza kuubadili. Nikitilia shaka, natengeneza nakala ya faili, naibofya kwa kitufe cha kulia cha mausi, nachagua "Open with", kisha Notepad. Skrini itajaa takataka ya alama. Usishtuke, na usihifadhi chochote unapofunga. Kinachotakiwa ni herufi za mwanzo tu.

Likianza na %PDF, ni PDF hata kama limeitwa jina lingine. Rekebisha mkia uendelee na kazi. Likianza na PK, ni la ukoo wa ZIP, na ukoo huo ni mkubwa: .docx, .xlsx, .pptx, .odt na .pages zote ni mafurushi ya ZIP yaliyovalishwa nguo tofauti. (PK ni herufi za jina la Phil Katz, aliyebuni ZIP.) Likianza na ÐÏ, ni Word au Excel ya zamani, kabla ya Office 2007, au ni barua iliyohifadhiwa na Outlook. Baiti za mwanzo za aina hiyo zikiandikwa kwa mfumo wa hex (namba za kompyuta zinazotumia 0 hadi 9 na A hadi F) ni D0 CF 11 E0: watengenezaji walikuwa wanatania, soma polepole utaona "docfile". Rar! ni RAR, na 7-Zip hulifungua bure. Neno ftypheic likionekana karibu kabisa na mwanzo, hiyo ni picha ya iPhone.

Likianza na MZ, simama. Hizo ni herufi za Mark Zbikowski wa Microsoft, na huanza kila programu ya Windows. Ankara haianzi na MZ. Wasifu wa mwombaji kazi hauanzi na MZ. Futa.

Unaona: winmail.dat, na hakuna programu inayoitaka

Hili ndilo linaloniletea wateja wengi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Dada mmoja alikuja Jumatatu asubuhi, simu mkononi. Ametumiwa fomu ya kazi tangu Ijumaa, mwisho wa kuirudisha ni saa kumi jioni ile ile. Kwenye barua yake kulikuwa na kiambatisho kimoja tu: winmail.dat, KB 412. Alikuwa ameshapakua programu tatu kutoka Play Store, mojawapo ikimwomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yake. Nilimwambia aifute hiyo kwanza kabla hatujazungumza.

Chanzo chake ni hiki. Outlook inaweza kuandika barua kwa mtindo inaouita "Rich Text". Barua ya mtindo huo ikitoka nje ya ofisi, rangi, herufi nzito, mialiko ya vikao na viambatisho vyote hutiwa kwenye gunia moja lenye aina iitwayo TNEF, na gunia hilo hupewa jina winmail.dat. Herufi ya N kati ya hizo nne inasimama badala ya neno lenye maana ya "isiyoegemea upande". Kwa kitu ambacho Outlook ilikitengeneza kwa ajili ya Outlook, ni jina la kuchekesha.

Tazama ukubwa kwanza. Likiwa na KB chache tu, tano au sita, na barua yenyewe haikutaja kiambatisho, kwa kawaida ndani yake mna mapambo ya maandishi tu na hujapoteza kitu. Likiwa kubwa, kama lile la KB 412, fomu yako imo humo.

Ukitaka uhakika kwamba kweli ni TNEF, Notepad itakuonyesha herufi x, kisha alama ya ajabu, kisha >". Na kama unajua kutazama chanzo ghafi cha barua, kiambatisho hicho huanza na eJ8+I. Hakuna kingine cha kutafuta.

Kulifungua: kwenye Linux andika

tnef -t winmail.dat

uone orodha ya vilivyomo, halafu amri hiyohiyo bila -t ili vitoke. Kwenye Windows ipo Winmail Opener, kwenye Mac ipo TNEF's Enough, na anayetumia Thunderbird, programu ya barua pepe, anaweza kuongeza nyongeza ya LookOut ili viambatisho vijitokeze ndani ya barua. Ziko pia tovuti zinazofanya kazi hiyo: unapakia, zinakurudishia. Kwa tangazo la mkutano, sawa. Kwa fomu yenye namba ya NIDA, akaunti ya benki au vyeti, mimi siipakii kwenye tovuti ya mtu nisiyemjua, na mteja wangu simruhusu.

Faili la yule dada lilitoa vitu viwili: fomu ya .docx na nembo ya mwajiri. Tuliprinti, akajaza kaunta pale pale, tukaskani. Saa tano fomu ilikuwa imeshaondoka.

Lakini barua iliyofuata kutoka kwa watu wale wale ilikuja tena na winmail.dat, kwa sababu ugonjwa uko kwa mtumaji. Kwenye Outlook ya kawaida ya kompyuta aende "File", "Options", "Mail". Mahali penye "Compose messages in this format" achague HTML. Ashuke chini hadi kwenye mstari unaohusu barua za Rich Text zinazokwenda intaneti, achague "Convert to HTML format". Kama ni mpokeaji mmoja tu anayepata shida, tatizo huwa kwenye anwani iliyokaririwa: aanze kuiandika, ikijitokeza aibonyeze X iliyo pembeni yake, aiandike upya yote. Na kama ofisi nzima inatuma magunia, mtu wa TEHAMA mwenye mamlaka ya Exchange, seva ya barua pepe ya Microsoft, anaweza kulimaliza kwa mstari mmoja:

Set-RemoteDomain Default -TNEFEnabled $false

Unaona: faili la .msg

Mtu ameikokota barua kutoka Outlook hadi kwenye skrini ya kompyuta, kisha akakuambatishia. Anadhani amekutumia barua, amekutumia kontena. Ndugu yake .eml ni maandishi ya kawaida, Thunderbird huyafungua, na hata Notepad utasoma kitu. Lakini .msg ni ule ukoo wa ÐÏ.

Ukiwa na Linux, msgconvert huigeuza kuwa .eml. Ukiwa na Windows isiyo na Outlook, kuna njia ninayoipenda kwa sababu haihitaji chochote zaidi ya 7-Zip, ambayo steshenari yoyote inayo. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua 7-Zip, kisha "Open archive". Utaona majina ya kutisha. Tafuta folda zinazoanza na __attach_version1.0, kila moja ni kiambatisho kimoja. Ndani yake kitoe kile kinachoishia na 37010102. Hicho ndicho kiambatisho chenyewe, uchi, bila jina. Kipe mkia unaostahili, .pdf au .docx, na kama hujui upi, rudi kwenye herufi za kwanza. Maneno ya barua yenyewe yako nje ya folda hizo, kwenye kipande kinachoishia na 1000001F, kipe mkia wa .txt.

Mara ya kwanza kuifanya njia hii mbele ya mteja, mzee mmoja aliniuliza kama ninahaki mitandao. Nilimwambia, "Hapana mzee, nafungua bahasha tu."

Unaona: faili la .pages

Mtumaji anatumia Mac au iPad. Kwako Word inakataa kabisa. Lakini .pages ni ZIP: tengeneza nakala, badilisha mkia uwe .zip, ifungue. Zile zilizoandikwa kwa matoleo ya zamani mara nyingi zina folda ya QuickLook yenye Preview.pdf, na hapo umepona. Za sasa huwa na preview.jpg, ambayo ni picha ya ukurasa wa kwanza tu. Inatosha kujua kama ni barua ya mwaliko au mkataba wa kurasa ishirini.

Kwa hati nzima, tumia tovuti ya iCloud: ukiwa na akaunti ya Apple, ambayo hutolewa bure na haihitaji uwe na iPhone, unaipakia hati pale, unaifungua ndani ya kivinjari, unaitoa kama PDF au Word. Mtumaji naye angeweza kukuepusha na safari hiyo yote kwa "File", "Export To", "PDF".

Unaona: inafunguka, lakini imevurugika au haiprintiki

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni mstari wa njano wenye maneno "Protected View" juu ya Word. Hati inasomeka lakini printa haifanyi kazi. Hakuna kilichoharibika: Word inashuku kila kinachotoka kwenye barua pepe. Kama unamjua mtumaji na ulikuwa unaitegemea hati hiyo, bonyeza "Enable Editing". Kama humjui, soma uishie hapo. Na hati ikikubembeleza uwashe makro (programu ndogo zilizofichwa ndani ya hati) ili "uone maandishi", huo ni mtego.

La pili ni fonti. Hati imeandikwa kwa Calibri au Cambria, kompyuta yako ina LibreOffice, programu ya hati isiyo ya Microsoft, bila fonti hizo, basi mistari inasogea, jedwali linakatwa, sahihi inakimbilia ukurasa wa pili. Weka Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria. Ni za bure na zimepimwa ili kila herufi ichukue nafasi sawa na ile ya asili. Mpangilio mara nyingi hurudi mahali pake.

Unaona: .pub

Kadi za michango, kadi za kipaimara, vipeperushi vya semina: Publisher ndiyo ilikuwa cherehani yetu sisi wa steshenari. LibreOffice Draw huzifungua, ingawa maandishi yenye mapambo hupindapinda. Kuna jambo la haraka zaidi: Microsoft imetangaza kuachana na Publisher Oktoba 2026, na wenye Microsoft 365 hawataweza tena kufungua .pub kwa programu hiyo. Kama una folda ya kadi za miaka kumi, zitoe kwenye PDF ukiwa bado na programu mkononi. Mimi nimeanza na zile ambazo wateja hurudi kuziulizia.

Unaona: picha ya .heic

iPhone kuanzia iOS 11, mwaka 2017, huhifadhi picha hivi ili kubana nafasi. Mfumo wa maombi ya mtandaoni unataka JPG, picha ya pasipoti saizi inakataliwa, mwombaji anadhani uso wake ndio umekataliwa. GIMP, programu ya kuhariri picha, huifungua na kuitoa kama JPG. Kwa picha zijazo, mwenye simu aende "Settings", "Camera", "Formats", achague "Most Compatible". Kubadili mkia kuwa .jpg kwa mkono hakusaidii kitu. Ndani bado ni HEIC.

Unaona: ramani ya nyumba, .dwg, na AutoCAD inasema ni toleo jipya

Ifungue kwa Notepad. Herufi sita za mwanzo ni toleo: AC1024 ni aina ya 2010, AC1027 ni ya 2013, AC1032 ni ya 2018. Ukiona AC1032 na AutoCAD yako ni ya 2015, hutashinda kwa kubishana nayo. DWG TrueView ya Autodesk, ya bure kwa Windows, hufungua na pia hubadilisha kwenda toleo la nyuma. Fundi anayetaka kuiona tu site aombe PDF yenye skeli.

Unaona: smime.p7s, smime.p7m, message.rpmsg au ATT00001.htm

Hizi nne huchukuliwa kama kitu kimoja, na sivyo.

smime.p7s ni sahihi ya kidijitali. Ndani hamna hati. Barua umeshaisoma, iache.

smime.p7m ni barua yenyewe ikiwa ndani ya bahasha. Kama imetiwa sahihi tu bila kufungwa kwa siri, hutoka kwa amri hii:

openssl smime -verify -noverify -inform DER -in smime.p7m -out barua.eml

Elewa kwamba -noverify inaacha kukagua cheti cha aliyetia sahihi, kwa hiyo utasoma barua lakini hutakuwa umethibitisha aliyeiandika. Kama imefungwa kwa siri, ni mwenye ufunguo peke yake anayeweza kuifungua, na ufunguo huo uko kwenye kompyuta iliyowekewa cheti chako.

message.rpmsg ni barua iliyowekewa masharti na mtumaji: nani asome, nani asiprinti. Tumia kiungo kilicho ndani ya barua, uingie kwa anwani ileile iliyotumiwa. Ikikukatalia, mtumaji ndiye wa kukupa ruhusa. Anayekuuzia programu ya "kuvunja" rpmsg anakuuzia hewa.

ATT00001.htm mara nyingi ni kipande cha maandishi ya barua kilichochomoka njiani kati ya Apple Mail na seva ya Exchange, labda jina na namba ya simu ya mtumaji. Lakini faili jingine lolote la .htm au .html linalofungua ukurasa wa kukutaka nenosiri la barua pepe yako, lifunge.

Unaona: kila kitu kimeshindikana

Basi umwandikie mtumaji. Watu huona haya hapa, hasa mtumaji akiwa mkubwa wa ofisi, wanahofia kuonekana washamba wa kompyuta. Siri ni kutomwambia kwamba faili lake ni bovu, wala kumfundisha TNEF ni nini. Mwambie unachokiona na unachokitaka. Huu ndio ujumbe niliouhifadhi kwenye simu, wateja hubadilisha jina na kutuma:

"Shikamoo. Nimepokea barua yako ya leo, asante. Kiambatisho kimenifikia kikiwa na jina winmail.dat na kompyuta yangu haina programu ya kukifungua. Naomba unitumie hati hiyo kama PDF, au kama nitatakiwa kuijaza, kama .docx. Kwenye Word ni 'File', 'Save As', kisha uchague PDF. Samahani kwa usumbufu."

Usisahau kutaja PDF kwa jina. Ukisema tu "nitumie upya", atabonyeza kutuma tena, na winmail.dat ya pili itafika ikiwa na KB zilezile. Wengi hujibu ndani ya saa moja. Wapo wanaojibu kwa kupiga picha skrini ya kompyuta yao kwa simu, mwanga wa dirisha ukiwaka katikati, na kuituma WhatsApp. Ipokee. Kata pembe, ongeza weusi kidogo, iprinti.